Kiganja Kitupu

Jumamosi ya soko, duka la vitambaa pale Makambako lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Yunis Mligo alikuwa amebanwa katikati ya majora ya vitenge, amevaa sketi ndefu ya bluu aliyoishona mwenyewe, sweta jekundu, na skafu ya sufu aliyoizungusha shingoni mara tatu. Alikuwa fundi cherehani kutoka Njombe, ana sare thelathini za kwaya za kushona kabla ya Pasaka, na kitambaa alichokitaka kilibaki jora moja. Alipokuwa anangoja zamu yake alikuwa anaimba kwa midomo iliyofumbwa, kama afanyavyo kila akiwa na hofu. Na siku hizo hofu ilikuwa haimtoki.

Ndipo akauona mkono. Jirani yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likasimama, koti jeusi begani. Alikuwa anajipiga kofi dogo dogo pajani, vidole vinahesabu, kofi tena, vidole tena, halafu ghafla akageuza kiganja juu na kukipunga upande wa Yunis.

Yunis akasogea kidogo. Makofi yakaendelea, kiganja kikapungwa tena. Akasogea tena mpaka mgongo ukagota kwenye kabati.

"Kaka, nisogee mpaka wapi?" akauliza. "Au nitoke nje kabisa?"

Kijana akashtuka. "Samahani dada! Sikufukuzi. Nakuhesabia."

"Unanihesabia nini? Mimi mbuzi?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini masikio yalimwiva kwa aibu.

"Nahesabu huo wimbo wako. Una mapigo kumi na sita. La kwanza kofi, la tano kofi, la tisa ni tupu, mkono unapungwa hivi, la kumi na tatu kofi. Kisha unarudi la kwanza. Ndivyo wanavyohesabu Wahindi kwenye muziki wao wa zamani. Tala, wanaita."

"Pigo la tisa ninalolijua mimi ni lile la Misri, la giza siku tatu," Yunis akasema. "Hilo la kwako limekosa nini mpaka likanyimwa kofi?"

Kijana akamtazama kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitegemea.

"Halijakosa kitu. Pale ngoma kubwa inanyamaza, ili anayeimba ajue yuko katikati ya safari. Asipopewa kimya, atapotea. Kimya nacho kinahesabiwa, dada."

Jina lake lilikuwa Dionis Haule, mtu wa Manda kule ziwani, mfamasia wa duka la dawa mtaa wa nyuma. Miaka minne alisoma famasia mjini Pune, kule India, na mzee aliyempangisha chumba alikuwa mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi. Akamfundisha kila jioni mpaka vidole vikaota sugu. Haya yote aliyasema kabla Yunis hajapimiwa kitambaa. Wakaachana wamepeana namba, na Yunis akarudi Njombe na jora lake, na tabasamu ambalo hakujua alifiche wapi.

Simu zikaanza. Kila siku alasiri, duka la dawa likipoa, Dionis alikuwa anapiga.

"Kamwene, mwalimu," Yunis alikuwa anaitikia kwa salamu ya kwao Njombe, mguu ungali kwenye pedali ya cherehani.

"Kamwene, mpenzi. Sa yako iko wapi leo?"

Sa ilikuwa sauti ya kwanza. Dionis alimweleza kwamba Sa haikuwekwa na mtu, si kama kinanda cha kanisani ambacho kila kitufe kina jina lake. Sa ni pale sauti yako inapotulia bila kulazimishwa. Ukishapachagua pamekuwa nyumbani, na sauti nyingine zote zinapimwa kutoka hapo. Kisha zinafuata re, ga, ma, pa, dha, ni.

"Si do re mi hiyo imebadilishiwa nguo?"

"Ngazi ni ile ile, mama. Adabu ndiyo tofauti. Kila raga, yaani kila mtindo wa wimbo wao, ina vidato vyake. Vingine unavikanyaga ukipanda, vingine ukishuka, vingine huvigusi hata ukishikiwa panga. Na kila raga ina saa yake. Ya alfajiri huimbi jioni."

"Kumbe hata kuimba ni kwa dozi! Moja asubuhi, moja jioni, baada ya chakula."

Dionis alicheka mpaka mteja akamsubiri.

Raga ya kwanza kumfundisha ilikuwa Bhupali. Ina sauti tano tu, sa, re, ga, pa, dha, kisha unaifikia Sa ya juu. Yunis alipoipanda mara ya kwanza alisimamisha cherehani. Nyimbo za bibi yake wa Mdandu, zile za kupalilia mahindi, zilikaa humo humo. Akamwimbia mmoja kwenye simu mpaka mwisho.

"Dionis? Umekata?"

"Nipo. Yunis, nikwambie kitu? Mimi nilikupenda kwa masikio kwanza. Macho yalikuja nyuma."

Msichana yeyote angelala na maneno hayo chini ya mto. Yunis naye aliyafurahia, kwa dakika kama mbili hivi. Simu ilipokatika alipeleka mkono chini ya skafu, akagusa lililokuwa pale.

Lilikuwa rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Miaka miwili nyuma lilikuwa kama punje ya haragwe, sasa lilikuwa kama yai la kuku. Njombe ni mji wa baridi, skafu haiulizwi, kwa hiyo hakuna aliyelijua isipokuwa rafiki yake Beatha, aliyeshona naye chumba kimoja. Beatha ndiye aliyemburuta hospitali. Daktari alimpapasa shingo, akamtazama kwenye picha, akasema litolewe, limeanza kuisukuma njia ya hewa. Kisha akasema neno moja ambalo Yunis alirudi nalo nyumbani na kulala nalo na kuamka nalo. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umepita hapo hapo nyuma ya tezi. Wengi hutoka na sauti zao kama zilivyokuwa. Si wote.

Alipangiwa Jumatatu, wiki tatu mbele.

"Mwambie Dionis," Beatha alimwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba alichokipenda kinakwenda kukatwa?"

"Hakatwi mtu sauti. Linakatwa rovu."

"Wewe humjui. Amenipenda kwa masikio, amesema mwenyewe. Nikiamka natoa sauti ya mlango mbovu, atafanya nini na mimi? Atanifuga?"

Beatha akarudi kwenye vifungo vyake. Yunis akaanza kuogopa hata simu. Kila Dionis aliposema "panda juu kidogo", alisikia koo linakwaruza, na alihisi anakula akiba ya mwisho.

Kama vile hilo halikutosha, Dionis akaleta habari nyingine.

"Mama anakuja Makambako Jumamosi. Nataka akuone. Na akusikie."

"Anisikie?"

"Nimemwambia mkwe wake anaimba. Uje uimbe Bhupali, mimi nikupigie. Yunis, unanisikia?"

Yunis alikuwa anamsikia sana. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatatu ile. Alijiambia ataimba hii moja, amwachie kumbukumbu nzuri, halafu Mungu atajua.

Alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mikono mipana na kola ya juu, na juu ya kola akaweka skafu nyeupe. Mama Cresensia alikuwa mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu, kanga mbili kiunoni na sweta la mwanawe juu, maana baridi ya Makambako ilimshinda mtu wa ziwani. Alimpokea Yunis chumbani kwa Dionis kwa mikono miwili, akamkalisha karibu, akamtazama kuanzia viatu mpaka skafu. Hapo kwenye skafu macho yakakaa.

"Mwanangu, humu ndani mbona kuna joto la mkaa? Vua hiyo upumue."

"Nimezoea, mama," Yunis akasema, na jasho likamtoka kweli.

Bahati mbaya ngoma moja ilikuwa imechanika ngozi wiki hiyo. Dionis akasema haina neno, atamhesabia kwa mkono, kama walivyofanya dukani siku ya kwanza. Akaiweka simu mezani, ikatoa mvumo usiokatika wa tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi, Sa na Pa, Sa na Pa. Yunis akafumba macho akaingia. Mwanzo ulikuwa mzuri. Alipanda re, ga, akapumzika pa, na akamsikia mama anaguna kwa kuridhika. Akafikia dha. Akanyoosha mkono wa sauti kuishika Sa ya juu.

Sauti ikakatika. Ilitoka pumzi tupu na mkwaruzo, kisha hakuna kitu.

Alifumbua macho. Kwa woga alikuwa amepoteza hesabu, hakujua yuko pigo la ngapi. Alichokiona ni Dionis, macho chini, uso mkavu, anageuza kiganja juu na kukipunga upande wake. Basi. Toka. Ndivyo Yunis alivyousoma ule mkono, yeye ambaye alielezwa maana yake siku ile dukani.

Akachukua mkoba wake akatoka. Nje bodaboda ilikuwa inageuza, akapanda bila kuuliza nauli.

Na Dionis? Hapa ndipo mtu unatamani kumzaba kofi moja la haki. Mzee wake wa Pune alimfundisha kwamba mzunguko haukatizwi katikati, hata nyumba ikiungua, mpaka urudi pigo la kwanza. Alikuwa kwenye la tisa. Akahesabu la kumi, la kumi na moja, akapiga kofi la kumi na tatu, akafika la kwanza, ndipo akainua macho na kukuta kiti kitupu. Alipofika mlangoni vumbi la bodaboda lilikuwa limeshatulia.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?" Mama Cresensia akauliza.

"Sijamfanya kitu!"

"Hicho ndicho nilichokiona. Kitu hujafanya."

Dionis alipiga simu jioni ile mara kumi na moja, na Jumapili mara nyingi zaidi. Yunis aliiangalia simu inavyotetemeka juu ya meza ya cherehani, akaiacha itetemeke. Jioni akaandika ujumbe mmoja: "Nisamehe, Dionis. Tafuta mwingine anayeimba." Kisha akaizima, akapanga kanga na sabuni kwenye begi.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa umeishika Njombe mpaka taa za magari hazionekani. Beatha alimshika mkono hadi mlango ambao yeye hakuruhusiwa kuupita. Ndani palikuwa na taa kubwa, sakafu inayong'aa, na watu waliofunika midomo. Yunis alilala kitandani, wakamfunga mikono. Aliogopa kisu, aliogopa kutoamka, na zaidi ya vyote aliogopa kuamka na kujaribu kusema.

"Dada Yunis, hesabu taratibu," muuguzi alimwambia huku sindano ikiingia.

"Moja," akaanza. Mkono wake ulitaka kupiga kofi lakini ulikuwa umefungwa. "Mbili. Tatu. Nne." Kofi la moyoni. "Tano. Sita." Taa ikawa pana. "Saba. Nane."

La tisa hakulifikia.

Aliamka ana kiu, bendeji shingoni. Daktari aliinama. "Kazi imekwenda vizuri. Niambie jina lako."

Yunis akafungua kinywa. Alisikia upepo unapita kama unavyopita chini ya mlango. Akajaribu tena. Upepo ule ule.

Daktari hakushtuka, au alijua kuficha. Mshipa haukukatwa, alisema, umesumbuliwa tu. Sauti inaweza kurudi baada ya wiki, inaweza kuchukua miezi. "Kama itarudi vile vile, siwezi kukuahidi. Kwa sasa usiilazimishe." Yunis aligeukia ukutani akalia bila sauti, maana hata ya kulilia hakuwa nayo.

Siku ya pili alasiri Beatha alienda kumtafutia uji, na kabla ya kuondoka akaiwasha simu, akaiweka kitandani. Aliifanya makusudi na mpaka leo hajakiri. Haikupita dakika ikalia. Jina la Dionis. Kidole cha Yunis kilipokea kabla kichwa hakijakataza.

"Yunis? Yunis, ni wewe? Usikate, nakuomba."

Upepo tu.

"Sawa, usiseme. Nisikilize. Mimi ni mjinga. Ulipotoka nilikuwa nahesabu. Lilikuwa pigo la tisa, Yunis, sikukufukuza! Sauti yako ilikatika kwenye la nane, nikaendelea na mkono ili ukitaka kurudi unikute. Nilipomaliza mzunguko ulikuwa umeondoka. Nani anahesabu wakati mwenzake anaondoka? Mama hajaniitikia vizuri tangu siku ile."

Yunis alikuwa amebana simu kwa mikono miwili, machozi yanaingia masikioni.

"Husemi kitu. Basi nimeelewa. Umepata mwingine, na mimi nabaki napiga kelele. Nahesabu mpaka tatu, kama hunitaki, nakata mwenyewe."

Hofu iliyomshika pale ilipita ile ya chumba cha upasuaji. Alifungua kinywa kumwita, kikatoka kile kile cha mlango. "Moja," Dionis akasema. Yunis akatupa macho huku na huku. Kwenye kikabati palikuwa na kijiko cha uji wa asubuhi. "Mbili." Akakichukua, akagonga chuma cha kitanda.

Ngaa. Akahesabu moyoni, mbili, tatu, nne. Ngaa. Sita, saba, nane. La tisa akaliacha. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Ngaa. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Ngaa, la kwanza.

Dionis hakuitamka tatu. Alisikiliza mzunguko mzima wa pili, na uliporudi la kwanza pumzi yake ilikuwa imebadilika.

"Hicho ni chuma cha kitanda cha hospitali," akasema polepole. "Yunis, wameshalitoa? Gonga mara moja."

Ngaa.

"Nakuja."

Alifika kesho yake asubuhi, koti jeusi limejaa ukungu, na nyuma yake Mama Cresensia na kapu la dagaa wa Manda lililonukia wodi nzima. Mama alimwinamia Yunis, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Nilidhani umekimbia sura yangu," alisema. "Siku zote hizi najitazama kwenye kioo."

Yunis alicheka, kukauma, akashika bendeji. Akachukua daftari la Beatha, akaandika na kumgeuzia Dionis: *Ulijuaje kuhusu rovu?*

"Mimi ni mfamasia, Yunis. Nililiona siku ile ile dukani, ulipogota kwenye kabati skafu ikateleza."

*Mbona hukusema?*

"Nilingoja uniambie. Nilidhani ni heshima."

"Heshima!" Mama akadakia. "Mmoja anaficha, mwingine anajua anafichwa, wote mnaimbiana kwenye simu. Mungu atupe uzima."

Yunis akaandika tena. *Sauti imekwenda. Daktari haahidi. Sa ya juu huenda nisiifikie tena maisha yangu yote. Ulisema ulinipenda kwa masikio.*

Dionis alisoma mara mbili. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nilisema macho yalikuja nyuma. Hukunipa nafasi ya kusema yalipofika yalikuta nini." Akajipangusa uso. "Naogopa, Yunis. Tangu jana mlio ule wa kijiko hauniachi. Naogopa kuliko wewe. Kwa hiyo nitasema kwa njia ninayoijua. Nitahesabu kumi na sita. Ukitaka kuwa mke wangu, tukutane pigo la kwanza, kwa lolote ulilonalo, hata kwa kukohoa. Usipotaka, nyamaza, nitaelewa, na dagaa tutakuachia."

Mama Cresensia akaliweka kapu chini. Beatha alisimama mlangoni na bakuli la uji, haingii, hatoki.

Dionis akapiga kofi la kwanza gotini. Vidole vikahesabu. Yunis alihisi moyo unagonga pale pale palipokatwa. Alitafuta Sa yake, ile ya chini, ya nyumbani, akaukuta upepo tu. Atakutana naye vipi pigo la kwanza? Kofi la tano. Ikiwa hata kukohoa kutagoma? Sita. Mama anatazama. Saba. Alimwona Dionis ameinamisha macho kama Jumamosi ile, uso mkavu vile vile, na safari hii aliona kwamba ule ukavu ulikuwa woga mtupu. Nane.

La tisa, Dionis akageuza kiganja juu, kitupu, akakipeleka upande wake.

Yunis akaweka mikono yake yote miwili ndani ya kile kiganja.

Vidole vya Dionis vilitaka kwenda la kumi, kwa mazoea, vikakuta vimeshikwa. Alibaki hivyo, mdomo wazi, machozi yanamteremka mpaka kwenye kola nyeupe.

"Mbona umeacha?" mama akanong'ona. "Si ulisema hamkatizi?"

Mzunguko ule Dionis hakuumaliza, na hakuna aliyemdai. Beatha aliingia na uji, akaukuta hauna pa kuwekwa, kwa sababu mikono yote miwili ya mgonjwa ilikuwa na kazi.